Divai Niliyosema Nimeimwaga

Mliokuwa nami tangu mwanzo mnajua nilivyofiwa na mume wangu, shemeji yangu alivyoondoka na nyumbu wetu wawili akidai ni urithi wake, na paa la ghala lilivyoporomoka juu ya mitungi mia moja. Hayo yote niliyasimulia bila kuinamisha uso, kwa sababu yalinipata tu. Sikuyatenda.

La leo nililitenda mimi.

Anayenisoma kwa mara ya kwanza ajue haya machache. Jina langu ni Cominia, muuza divai wa mji wa Puteoli, nchi ya Warumi. Nimezaa watoto watatu, na sheria yetu humwondolea mwanamke wa namna hiyo msimamizi: naweza kununua, kuuza na kufunga mkataba kwa kinywa changu mwenyewe. Haki hiyo nilitembea nayo mjini kama mwenye mkufu wa dhahabu.

Majira ya kuchipua yaliyopita, mfanyabiashara aitwaye Staius alinunua divai yote iliyokuwamo katika mapipa yangu matatu ya udongo, yale yaliyofukiwa uani hadi shingoni. Aliionja, akailipia, akabandika muhuri wa pete yake juu ya kila kifuniko. Tukakubaliana kwamba angekuja kuichota kabla ya mavuno ya zabibu, kwa maana mavuno yakifika, mapipa hayana budi kuwa tupu.

Mavuno yalifika. Staius hakufika.

Nilipeleka onyo kwenye nyumba aliyopanga, mbele ya mashahidi, kisha nikangoja siku zilizotakiwa. Hadi hapo sikuwa na kosa. Muuzaji aliyekwisha kutoa onyo anaruhusiwa kuipima divai ya mtu kwa kikapu kinachovuja na kuimwaga, ili apate mapipa yake. Anaruhusiwa pia kuiuza waziwazi na kumwekea mwenyewe fedha yake. Njia hizo mbili zilikuwa wazi, na hakuna ambaye angeninyooshea kidole kwa kufuata mojawapo.

Nilichagua ya tatu.

Kwa siku nne mfululizo, saa ile ya mchana ambapo joto huwalaza watu wote wa mtaa, mimi na binti yangu Procula tulivunja mihuri ya Staius, tukaichota divai yake na kuihamisha, mtungi baada ya mtungi, hadi kilabu cha Syra katika mtaa wa nyuma. Syra alinilipa bila kuuliza. Kisha niliyajaza mapipa yale siki kuukuu na mashapo, nikaongeza maji, nikafunika, na siku ya tano nikawaita majirani saba waje wanishuhudie nikimwaga.

Walikuja wakiwa wamevaa pete zao za muhuri. Dobi Fuficius, ambaye ukuta wake na wangu ni mmoja, alikuja peku kutoka kwenye madimbwi yake ya kufulia.

Nikawa nachota, napima kwa kikapu, namwaga. Mtaa wetu hunuka mwaka mzima mikojo ambayo dobi hufulia nguo, kwa hiyo hakuna pua iliyoniuliza swali.

"Jamani, Mama Procula," Fuficius alisema, akiitazama inavyotiririka katikati ya miguu yake kuelekea barabarani. "Si ungetuambia tuje na vikombe?"

"Sheria imesema imwagwe, jirani. Haikusema inywewe."

Walicheka wote. Nami nikacheka. Halafu kila mmoja akabonyeza pete yake kwenye lakiri ya vibao vya nta vilivyoandikwa kwamba Cominia ameimwaga divai ya Staius mbele yao. Watu saba waadilifu. Niliwapa jibini na mizeituni, wakaenda zao wakinisifu kwamba nimeifuata sheria neno kwa neno.

Fedha ya Syra niliificha chini ya kinu. Binti wa kwetu asipokwenda na kitu mkononi kwa mumewe, haolewi, na Procula alikuwa ametimiza miaka kumi na mitano. Nililitumia jina lake kama kisingizio tangu siku hiyo ya kwanza. Mtaona nililitumia kwa lingine pia.

Wiki iliyopita niliwaachia mahali Staius alipopeleka shauri kwa hakimu. Sasa nawaambia yaliyotokea.

Alikuja kwenye uwanja wa mahakama akichechemea, ameegemea fimbo. Ndipo nilipojua kwa nini hakuja wakati wa mavuno: alianguka kutoka kwenye mkokoteni huko Kapua, mguu ukavunjika mahali pawili, akalala kitandani siku sitini.

"Samahani kwa kuchelewa kusimama," alimwambia hakimu. "Huu mguu na mimi bado hatujaelewana."

Watu walicheka. Alikuwa mtu wa kupendeka, na hilo lilinifanya nimchukie kidogo.

"Unalalamikia nini?" hakimu aliuliza.

"Nimeambiwa divai yangu haikumwagwa. Nimeambiwa iliuzwa, na fedha ikaliwa."

"Umeambiwa na nani?"

"Na baharia mmoja."

"Aitwe."

"Amesafiri kwenda Aleksandria, mheshimiwa. Na hata angekuwapo, nilipomkuta alikuwa amelewa kiasi cha kuniita mama yake."

Hakimu alishusha pumzi. Akaomba vibao vyangu. Karani akawaita mashahidi wangu mmoja mmoja waitambue mihuri yao kabla uzi uliovifunga vibao haujakatwa.

"Muhuri huu ni wako?"

"Ni wangu."

"Na huu?"

"Wangu."

Mara saba. Wengine waliinua hata kidevu walipokuwa wakijibu, kwa jinsi walivyojivunia kusimama upande wa mjane. Fuficius peke yake alijibu akiangalia chini, nikadhani ni haya ya mtu asiyezoea uwanja.

Uzi ukakatwa, maandishi ya ndani yakasomwa, yakalingana na ya nje. Hakimu akamgeukia Staius.

"Una mlevi aliyesafiri. Mwenzako ana watu saba wenye akili timamu. Umebakiwa na nini?"

"Nimebakiwa na yeye mwenyewe," Staius alijibu. "Aape. Akiapa kwamba aliimwaga divai yangu, nitaondoka na fimbo yangu na simdai hata tone."

Kwetu mdai anaweza kuliweka shauri zima katika kinywa cha mdaiwa namna hiyo. Ukiapa, umeshinda, na hakuna atakayelifufua jambo hilo tena. Ukikataa kuapa, umeshindwa.

"Aape kwa nini?" hakimu aliuliza.

"Kwa jiwe la Jupita. Na kwa vichwa vya watoto wake watatu, awataje kwa majina."

Nilihesabu haraka, kama mwenye duka. Nikikataa, ghala linakwenda, mapipa yanakwenda, na watu saba waliojitokeza kwa ajili yangu wataitwa waongo maisha yao yote. Nikiapa, nitabaki na kila kitu.

Nawaandikia haya polepole ili nisijipendelee. Ilikuwapo nafasi ya kusema kweli. Hakimu alinitazama muda mrefu kabisa, akaniuliza, "Mama, uko tayari kuapa hivyo?" Hakunisukuma. Hakuna aliyenisukuma.

"Niko tayari," nilisema.

Karani alileta jiwe, akaniwekea kiganjani. Lilikuwa la kawaida tu, la barabarani, na lilikuwa na vuguvugu la mkono wake.

"Fuatisha," karani alisema. "Kama nadanganya hali najua, Jupita anitupe nje ya nyumba yangu na mji wangu, kama nitakavyolitupa jiwe hili."

Nikafuatisha maneno yote.

"Na iwe hivyo kwa kichwa cha mtoto wangu wa kwanza. Mtaje."

Procula alikuwa nyuma yangu. Sikugeuka. Mkono wangu ulianza kutetemeka hadi jiwe likagongana na pete yangu, na mlio ule mdogo ukasikika na kila mtu.

"Kwa kichwa cha Pro..."

"Basi."

Alikuwa Staius. Ameinua fimbo yake, amesimama kwa mguu mmoja.

"Inatosha, mheshimiwa. Namsamehe kiapo."

"Fikiri vizuri," hakimu alimwambia. "Ukimsamehe kiapo wakati yuko tayari kuapa, ni sawasawa na kwamba ameapa. Umeshindwa shauri."

"Nafahamu. Lakini utazame mkono ule. Mwongo huapa kama anayeomba chumvi mezani. Huyu mama anawaogopa miungu, na mimi nimemfanya awataje wanawe mbele ya watu kwa sababu ya maneno ya mlevi."

Akachechemea hadi niliposimama. Akalitoa jiwe mkononi mwangu yeye mwenyewe, taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu.

"Nisamehe, Mama Procula," alisema. "Maumivu ya mguu yalinipanda kichwani."

Yeye ndiye aliyeniomba msamaha.

Nami nikasema, "Nimekusamehe."

Mnaweza kunifungia kitabu hapa. Sitawalaumu.

Majirani walinisindikiza hadi nyumbani kama waliotoka arusini. Mwoka mikate alinipa mkate wa bure. Mkewe alisema angekuwa yeye angezimia palepale. Fuficius dobi hakuwa pamoja nao.

Procula alitembea nyuma yetu njia nzima. Tulipofika aliketi kizingitini, akaanza kuchambua dengu. Nilijifanya nina kazi ghalani. Nilipotoka, dengu zilikuwa zimekwisha kuchambuliwa na alikuwa anazichambua upya.

"Mama."

"Naam."

"Lile jina lilikuwa langu."

"Hakuniacha nilimalize, mwanangu."

"Ulikuwa unalimalizia."

Niliokota dengu moja iliyoangukia kizingitini.

"Mdomo wako niliuona," alisema. "Nilisogea pembeni nikauona. Ulikuwa unalimalizia."

"Procula, fedha ile niliitafuta kwa ajili yako. Uolewe."

Aliinua uso kwenye sinia.

"Niolewe na kichwa kipi, mama?"

Akarudi kwenye dengu zake. Sijawahi kuchapwa na mtu nikaumia namna ile.

Usiku huo na uliofuata nilijipa sababu nyingi. Nilijiambia sikuapa. Kwa kweli kabisa, kiapo hakikutimia, jina halikwisha. Wenye kujua sheria wangenikubalia, na jambo hilo ndilo lililonitisha: kwamba ningeweza kuishi ndani ya nusu ya jina la mwanangu hadi uzeeni, na sheria ikanilinda humo.

Siku ya nne asubuhi, Staius alibisha mlangoni.

Alikuwa peke yake, na fimbo yake, na kikapu cha tini kilichofunikwa kwa majani.

"Sikuja kwa ugomvi," alisema, akicheka kabla sijamkaribisha. "Ugomvi wenyewe ulinishinda. Nimekuja kwa biashara."

"Biashara gani, Bwana Staius?"

"Divai yako mpya. Hayo mapipa matatu uani. Nayataka yote, kama mara iliyopita. Safari hii nitakuja kuichota kwa wakati, hata kama nitabebwa kwa machela."

Nilimwambia bado inachemka, haijatulia, na mtu haonji divai ya umri huo. Nilimwambia kuna wauzaji bora kuliko mimi upande wa bandarini. Nadhani sijawahi kuisema vibaya bidhaa yangu kwa bidii kama ile.

"Sikiliza muuzaji huyu," alisema, akimwambia Procula, aliyekuwa amesimama na kata mkononi karibu na mapipa. "Anamfukuza mteja. Nenda kokote Puteoli, hutapata mwingine."

Procula hakucheka.

"Basi tuwaite waandishi," nilisema. "Tuandike kwenye vibao, tutafute mashahidi saba. Tufanye ilivyo sahihi."

"Hapana." Aliinua kiganja. "Nimeandikisha watu miaka ishirini. Nikikuandikisha wewe baada ya yale ya uwanjani, nitajiona mpumbavu. Mimi nitauliza, wewe utajibu, yatosha. Labda jirani mmoja tu asikie, kwa heshima ya desturi. Yuko nani hapo ng'ambo?"

Kabla sijamzuia, aligonga ukuta kwa fimbo.

"Jirani! Njoo kidogo, hatukukawizi."

Fuficius alikuja akifuta mikono kwenye nguo yake. Staius alimweleza habari, kisha akasogea kwenye pipa la mwisho, akainama kwa shida, akaweka sikio juu ya kifuniko asikilize inavyochemka, kama wafanyavyo watu wa kazi yetu. Tukabaki wawili, mimi na dobi.

"Ahsante kwa kuja, jirani," nilisema. "Pete yako unayo?"

"Sina."

"Umeisahau?"

"Nimeivua."

Alisema kwa sauti ya chini, akiyatazama maji yaliyotuama uani.

"Mama Procula, mimi nakanyaga nguo kwenye mikojo tangu utoto. Nyayo zangu zina nyufa unazoweza kuingiza kidole. Siku ile ulipokuwa unamwaga, nilisimama peku katikati ya mkondo."

Niliitazama miguu yake.

"Divai nimekwisha kuikanyaga mara nyingi," alisema. "Huwasha kidogo. Ile ilinichoma hadi usiku mke wangu akaniwekea mafuta. Siki tu ndiyo inayochoma hivyo."

"Na bado ulibonyeza muhuri?"

"Nilibonyeza kwanza, maumivu yakaja baadaye. Ndivyo nilivyojiambia." Alikuna shingo. "Halafu uwanjani wakaniuliza, muhuri ni wako? Nikasema wangu. Walichoniuliza ni muhuri, hawakuniuliza miguu. Ninyi wenye maduka mmetufundisha kujibu namna hiyo."

"Ungeniambia, jirani."

"Wewe ungeniambia."

Staius alikuwa anarudi, fimbo yake ikigonga mawe ya ua. Uso wake ulikuwa umefurahi.

"Inaimba vizuri," alisema. "Haya. Jirani ni shahidi?"

"Nitasikia," Fuficius alijibu. "Muhuri sina."

"Masikio yatosha."

Akajinyoosha. Akaiegemeza fimbo ukutani, kwa maana watu wazima wa kazi yetu huuliza swali hilo wakiwa wamesimama wenyewe. Akaacha utani.

Nanyi mnaofanya biashara mnajua namna lilivyo. Mmoja huuliza, mwingine hujibu, papo hapo, ana kwa ana. Hakuna kusema nitalifikiria nirudi kesho. Jibu huwa neno moja, na likishatoka, mtu amejifunga kuliko kamba.

"Cominia," alisema, akiniita kwa jina langu kama inavyopasa, "unaahidi kunipa divai iliyomo katika mapipa haya matatu, yote, ikiwa nzima?"

"Naahidi."

Hilo niliweza. Divai ilikuwa nzima. Nilihisi miguu yangu imepata ardhi, na nikafikiri labda ndiyo njia ya kutengeneza mambo: nimpe divai bora kuliko ile, nimjazie hadi ukingoni, nimpunguzie bei, na moyoni mwangu deni liishe pasipo mtu kujua.

"Na unaahidi," aliendelea, "kwamba katika mambo yote kati yako na mimi hila haikuwapo, haipo, wala haitakuwapo?"

Ndiyo maneno ya siku zote. Huwekwa mwisho wa kila mkataba. Nimeyajibu mara mia katika maisha yangu, nikiwa nawaza mapishi.

Neno langu moja lilikuwa linangojewa. Fuficius alikuwa amekunja mikono, macho yake kwenye nyayo zake. Staius alikuwa ananitabasamia, bila haraka, jinsi mtu anavyomngoja mtu anayemwamini.

Nilifumbua kinywa. Najua nilikusudia kusema nini, na sitawaambia kwamba lilikuwa jambo jema.

Kata iligonga ukingo wa pipa. Procula alikuwa ameiweka chini. Alivuka ua, akaja akasimama kati yangu na Staius, karibu hata nikausikia utosi wake chini ya kidevu changu.

"Mzee Staius," alisema, "kabla mama hajajibu, mwambie akuambie zile siku nne za mchana tulikuwa tunakwenda wapi na mitungi."

Tabasamu lilibaki usoni mwa Staius muda kidogo, kwa sababu halikuwa limeambiwa liondoke. Alimtazama msichana. Akamtazama dobi, na dobi akageuza uso. Halafu akaunyoosha mkono ukutani, akaitafuta fimbo yake pasipo kuangalia, akaiegemea kwa uzito wake wote.

"Siku zipi?" aliuliza, na hakumwuliza Procula.